Jina la Tatu kwenye Karatasi ya Mtendaji

Nyumba ninayopanga hapa Ilomba, Mbeya mjini, imepakana na gereji ya uchochoroni, na fundi wake ana tabia ya kugonga ringi za magari kabla watu hawajanywa chai. Akigonga harakaharaka sina ugomvi naye. Lakini kuna asubuhi hugonga pigo moja, akasimama kuangalia alichonyoosha, akagonga jingine, akasimama tena. Hapo miguu yangu huinuka yenyewe. Nimewahi kujikuta katikati ya sebule, mwiko mkononi, natafuta kanga ya kwendea msibani wakati hakuna aliyekufa. Mume wangu ni mtu wa Iringa, hakukulia ziwani, naye hucheka mpaka anakohoa. Simlaumu. Hajui kwamba niliwahi kumuua babu yangu mzaa baba kwa ringi ya namna hiyo, Jumamosi moja asubuhi, akiwa hai na anakunywa uji.

Ngoja nikueleze vizuri, usije ukaniogopa bure.

Kijiji chetu kiko Kyela, pale mpunga unapoishia na Ziwa Nyasa linapoanza. Watu wa Mbeya mjini wakishuka huko huanza kuvua masweta njiani, wakifika wanalalamikia joto na mbu kana kwamba sisi ndio tuliowaleta. Ukisimama ufukweni unaiona milima ya Livingstone imesimama majini, na nyuma yako kuna michikichi, kakao na migomba. Simu wakati huo zilikuwepo chache, na mtandao ulipatikana ukipanda kichuguu cha nyuma ya zahanati, tena ukisimama kwa mguu mmoja kama una bahati. Kwa hiyo habari zote za kijiji zilikuwa za ringi. Ilikuwa ringi ya lori, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye mkuyu mbele ya ofisi ya kijiji, na mpigaji wake alikuwa baba yangu.

Mtoto yeyote wa kwetu alizijua sauti zake kabla ya kujua kuhesabu. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu: mkutano. Mapigo ya mfululizo bila kupumzika: hatari, mamba ameonekana au nyumba inaungua. Na pigo moja, kimya kirefu, pigo jingine: msiba. Likilia la msiba, jembe linaachwa shambani limesimama, mtumbwi unageuzwa, mwalimu anafunga daftari. Kwetu Wanyakyusa hakuna kazi wala mkutano siku ya msiba. Hata aje diwani na suti yake, atakaa chini na kulia kama wengine.

Baada ya kugonga, baba alitembea ufukwe mzima akitangaza. Alikuwa na sauti ambayo mama alisema ingefaa kuuzwa kanisani. Chanjo ya ng'ombe Jumatano. Mbuzi mweusi mwenye sikio moja amepotea. Mkutano mkuu wa kijiji, ajenda ya kwanza kufungua, ya mwisho mengineyo. Hiyo ya mengineyo ndiyo iliyochukua saa tatu, maana humo ndimo watu walimogombania mipaka na wake. Baba alitangaza vyote bila kukosea neno, akiwa ameishika karatasi ya mtendaji mbele ya macho yake. Watu walimsifu kwa kusoma huku anatembea.

Baba hakujua kusoma. Tulikuwa watatu tu tuliojua: yeye, mama na mimi. Mtendaji wa kijiji, kijana aliyeletwa kwetu akiwa ametoka chuoni, alimletea karatasi jioni, na baba aliipokea na kuipitisha macho kwa uzito kama hakimu. Mtendaji akishaondoka, baba aliniita nyuma ya banda la kuku. Mimi nasoma, yeye anafumba macho, anarudia. Mara mbili tu zilimtosha. Nilikuwa darasa la tano na nilijiona mtu mkubwa mno, kwamba habari za kijiji kizima zinapita kwanza kinywani mwangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, bibi mzaa mama alipenda kusema, lakini yetu tuliificha miaka na haikutuumbua.

Sasa nikwambie kuhusu mama na babu, maana bila hao wawili hutaelewa kitu.

Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake. Si suala la chuki, ni heshima. Akimwona anakuja njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hamsemeshi, hamtaji jina, haingii chumba alichomo. Mama yangu alikuwa ameolewa miaka kumi na mitatu, na uso wa baba yake baba, Mzee Ambakisye, hakuwahi kuuona. Alijua kikohozi chake. Alijua sauti ya fimbo yake. Alijua anapenda usipa, wale dagaa wa ziwa letu, waliochemshwa na kutiwa mawese kidogo. Kila siku alimpikia, na kila siku nilimpelekea mimi, kwa sababu mama mwisho wake ulikuwa kwenye mgomba mmoja wa kona, katikati ya njia ya kwa babu.

Babu alikuwa mjumbe wa kamati ya ziwa mpaka kifua kilipomlaza msimu ule. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya ufukwe, na baraza lake lilitazama maji. Alikaa hapo kutwa amejifunika blanketi, na mtendaji alikuja mara kwa mara kumjulia hali. Macho yake ya mbali yalikuwa mazuri kuliko yangu. Aliweza kukuambia mtumbwi wa nani unarudi kabla wewe hujaona kwamba kuna mtumbwi.

Usipa wa babu haukutoka sokoni. Ulitoka kwenye kokoro ambalo mama alilishona mwenyewe kwa vyandarua viwili vikuukuu. Kokoro la chandarua lilikuwa limepigwa marufuku, kwa sababu linazoa hata vifaranga vya samaki, na aliyeitangaza marufuku hiyo ufukwe mzima ni baba, kwa sauti yake ile. Mama aliisikia akiwa anachambua mchele, akatikisa kichwa kukubali, na kesho yake alfajiri baba alipokwenda shambani akalichukua kokoro kwenye kikapu, juu yake akaweka pumba. Mimi nilishika ncha ya pili. Hakunieleza kitu na mimi sikuuliza. Babu alikuwa anakula, sisi tulikuwa tunakula, na baba alidhani mama anabadilishana mihogo na wavuvi.

Ijumaa ile mtendaji alileta karatasi iliyokunjwa mara nne. Baba akaipokea, akaikagua, wakaagana. Nyuma ya banda la kuku nikaikunjua na kuanza kusoma kwa ile sauti yangu ya umuhimu. Kesho saa tatu asubuhi mkutano wa kijiji. Ajenda: wanaovua kwa makokoro. Wafuatao watasomwa majina mbele ya wananchi, makokoro yao yatachomwa, na familia zao hazitapewa vishamba vya mpunga kwenye bonde la kijiji msimu huu. Kisha majina matano ya wanawake.

La tatu lilikuwa la mama.

Ulimi wangu ulifika pale ukaruka. Sikuamua. Nilisoma la kwanza, la pili, la nne, la tano, na baba, macho yamefumbwa, akarudia manne. Tukarudia mara ya pili, tena manne. Akafungua macho akasema, "Afadhali watajwe. Mtu anakula mbegu halafu anauliza mavuno yako wapi." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati.

Tangu pale sikukaa. Nilikwenda kisimani mara tatu wakati mtungi umejaa. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Mama aliniuliza kama nina minyoo. Kila nilipomtazama nilimwona amesimama mbele ya watu, na kokoro lake linawaka, na baba ameshika karatasi. Nilitaka kumwambia, lakini nikimwambia yeye atamwambia baba, na baba atajua kwamba nimemsomea pungufu. Kwa mtu asiyejua kusoma, anayekusomea ndiye macho yake, na mimi nilikuwa nimeyatia mchanga. Nilijua hilo hata kwa akili yangu ya darasa la tano. Niligeukageuka mkekani mpaka mdogo wangu akanipiga teke.

Asubuhi mama aliwahi ziwani kama kawaida, na safari hiyo hakuniamsha. Baba alikuwa anapanga mabenchi ofisini. Saa mbili akaniita. Wito wa kwanza wa mkutano mara nyingine aliniachia mimi, kwa sababu nilipenda, na kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Akanipa ule mtalimbo mfupi, akaenda kutafuta kiti cha mwenyekiti.

Nikasimama mbele ya ringi. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu. Nilikuwa nayajua kama jina langu. Nikagonga moja. Mkono ukabaki hewani. Nikawaza: siku ya msiba hakuna mkutano. Nikahesabu pumzi tano, nikagonga la pili. Nikahesabu, nikagonga la tatu.

Huwezi kuamini jinsi kijiji kinavyonyamaza. Mashine ya kukoboa ilizimwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na ndizi kichwani akazitua, akanikimbilia. "Gwe Bupe, ni nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Wakati nagonga niliona mbele mkutano umeahirishwa, na basi. Sikuona kwamba msiba lazima uwe wa mtu. Yule mwanamke akanishika mabega, akauliza tena, na kinywa changu kikatafuta mtu aliyekuwa karibu zaidi na kufa. "Babu," nikasema.

Akapiga yowe, na yowe lile likapokelewa na nyumba ya jirani, na nyingine, likashuka ufukweni lenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilitupa mtalimbo, nikakimbia kuelekea kwa babu, sijui kwa nini. Labda nilitaka kumwahi.

Nilimkuta barazani, kikombe cha uji mkononi, anasikiliza. "Bupe," akasema, "nani amekufa? Naona kama wanakuja huku."

Nilisimama nimebana mapaja. Babu akaniangalia, akaangalia njia, akaona wanawake wa mwanzo wanakuja wamejifunga kanga viunoni na kuni kichwani, wanaita jina lake na kumlilia. Mmoja alikuwa anaimba jinsi Ambakisye alivyomgawia mbegu mwaka wa njaa. Babu alishusha kikombe taratibu. Nadhani hata yeye alijiuliza kwa dakika moja kama kweli bado yupo.

Halafu akaja mama. Hakuja kwa njia. Alikuja moja kwa moja kutoka majini, akapanda mteremko wa mchanga akikimbia, kitenge chake cha njano kimelowa mpaka mapajani, kingine amejifunika kichwani. Mgomba wa kona, mpaka wake wa kila siku, hakuukumbuka. Aliyekufa haogopwi tena, macho yake hayakuoni. Akapiga magoti chini ya baraza, akaondoa kitenge usoni, akalia kumwita baba, "Tata! Tata, umetuacha na nani!" Kisha akainua uso.

Wakatazamana.

Sijawahi kusikia umati wa watu wanaolia ukikatika sauti vile. Mama alibaki mdomo wazi. Babu naye hakugeuza uso, ingawa alipaswa kugeuza. Alimtazama mama, halafu akakitazama kile kitenge kilicholowa, tena kwa muda mrefu, kisha akatazama ziwa, akarudi tena kwenye kitenge. Mama alijifunika haraka na kukimbilia nyuma ya nyumba. Babu aliweka mkono kifuani, na niliogopa kwamba sasa anakufa kweli.

Baba na mtendaji wakafika wanahema. Mwenyekiti nyuma yao. Maswali yakaanza: nani amegonga, nani amesema. Vidole vikanielekea mimi. Baba alikuwa amekunja ngumi, na nilijua sina pa kukimbilia.

"Mimi ndiye niliyemtuma," babu akasema.

Watu wakageuka.

"Nimelala hapa miezi miwili. Nilitaka kuona nani atakuja kunizika." Akakohoa, akafuta mdomo. "Naona mmekuja wengi. Ndaga fijo, asanteni sana. Na kuni mmeleta, msirudi nazo."

Mtu mmoja alicheka, mwingine akamfuata, na kicheko kikaenea kwa hasira na nafuu kwa pamoja. Yule wa mbegu za mwaka wa njaa alimwambia babu kwamba atakapokufa kweli asimtegemee, ameshaimba. Wazee walisema kukichezea kifo ni kujichuria, atoe jogoo mara moja, na babu akakubali jogoo.

Mimi nilidhani yameisha. Mkutano umekufa, mama amepona. Lakini mtendaji aliwatazama wale watu waliojaa uwanja, vijana, wazee, wanawake wa vitongoji vyote, akamgeukia mwenyekiti. "Tangu nianze kazi hapa sijawahi kupata akidi kama hii," akasema. "Msiba haupo. Tufanyie hapahapa."

Wakakaa. Baba akaambiwa asome. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaishika mbele ya macho. Nilikuwa nimekaa karibu na miguu ya babu. Baba akafungua mkutano, akasoma ajenda, akasoma adhabu, akasoma majina. La kwanza. La pili. Kisha mawili mengine. Akakunja.

"Umeruka la tatu," mtendaji akasema.

Baba aliikunjua tena. Aliitazama ile karatasi, na nilimwona macho yake yanatembea juu yake bila kushika kitu. Jasho lilimtoka puani. Kisha akaacha kuitazama karatasi akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Nilitamani angekuwa na hasira. Watu wakaanza kunong'ona, na mtu wa nyuma akauliza, "Kwani haoni?"

"Anaona vizuri," babu akasema. Akajivuta akasimama, blanketi likaanguka. "Hakuruka. Amenistahi. La tatu ni mimi. Mtoto gani wa Kinyakyusa atasimama mbele ya watu amtaje baba yake kwenye orodha ya wahalifu?"

Mtendaji akafungua mdomo. Yeye alikuwa ameiandika ile orodha kwa mkono wake, alijua kilichopo. Babu alimtazama. "Andika, mwanangu, kama hukuandika vizuri. Usipa wa kokoro hilo nimeula mimi kila siku. Aliyekula ndiye aliyevua." Kisha akanigusa bega kwa fimbo. "Bupe. Kokoro langu liko kwenu. Kalilete."

Nilikimbia. Nyumbani halikuwepo; nililikuta ufukweni alikoliacha mama, bado linachuruzika maji. Niliporudi nalo baba alilitazama, akatazama nyuma ya nyumba alikokuwa amejificha mama, na nikaona anaelewa yote, moja baada ya jingine. Likachomwa pamoja na mengine manne. Plastiki ya chandarua inanuka vibaya ikiungua. Babu alipoteza kishamba chake cha bondeni msimu ule, na hakupata kingine, kwa sababu alikufa kabla ya msimu uliofuata. Safari hiyo baba aligonga mwenyewe.

Hakunipiga. Kwa muda wa kama wiki tatu karatasi zilikuja na hakuniita. Sijui alisomewa na nani, labda na mama, ambaye alijua herufi chache. Halafu jioni moja aliniita nyuma ya banda la kuku, akanipa karatasi. Kabla sijaanza akasema, "Usinipunguzie tena. Hata kama ni jina langu." Nikasoma. Ilikuwa habari ya chanjo ya mbwa.

Miaka yote iliyofuata niliamini kwamba babu alidanganya siku ile ili kuniokoa mimi. Nilijivunia. Nilikuwa mjukuu ambaye babu yake alikufa na kufufuka kwa ajili yake. Nilipokuwa na huzuni shuleni, na baadaye kazini, nilijifariji kwa hilo.

Mwaka huu mama alikuja kunitembelea hapa Ilomba. Baridi ya Mbeya inamshinda; alivaa masweta mawili na soksi za mume wangu, akakaa jikoni kumenya viazi ili awe karibu na jiko. Nikaona nimekuwa mtu mzima wa kutosha kuungama. Nikamwambia kwamba sikutumwa na mtu, kwamba niligonga mwenyewe, na kwamba nililiruka jina lake. Mama hakuacha kumenya. Alisema hilo alilijua siku ileile. Kisha akaniambia ambalo mimi sikulijua.

Yule mtendaji alipohamishwa alikuja kumuaga, akamweleza. Orodha ilitoka kwa babu. Kutoka barazani alikuwa akiwahesabu wanawake wa makokoro. Wanne aliwafahamu. Mmoja hakumfahamu, kwa sababu kila akitazama, mwanamke huyo anamgeuzia mgongo na kujifunika kichwa. Babu alimwambia mtendaji, huyo wa kitenge cha njano ndiye mwizi mzoefu, mfuatilie, angekuwa na haki asingeficha uso. Akafuatiliwa, akajulikana ni nani, na mtendaji hakuwa na ujasiri wa kurudi kumwambia mzee.

"Nilimgeuzia mgongo kwa kuwa ni mkwe wangu," mama alisema. "Ningefanyaje? Baraza linatazama maji."

Basi siku ile babu hakuwa amedanganya kwa ajili yangu. Alikuwa amemwona kwa mara ya kwanza mwanamke aliyemlisha, amelowa maji ya ziwa, analia kwa ajili yake, na akajua ni nani aliyemtia kwenye ile karatasi. Nilijisikia mdogo sana, nimekaa pale jikoni kwangu na umri wangu huu.

Nikamuuliza mama kama alimsamehe. Akasema angemsamehe siku ya kwanza, ila hakuombwa. Mzee alilibeba jina lake mama, sawa, na kishamba cha mzee kikaenda, na kwa hilo mama alimshukuru. Lakini mkwe hasemi na mkwe, na babu hakuwa mtu wa samahani. Baba alikuwa amemwambia zamani, walipooana, kwamba mzee akimkosea mtu hapigi magoti; humbakizia chakula kwenye sahani yake. Bibi mzaa baba alibakiziwa hivyo maisha yake yote. Kwa hiyo mama alingoja.

"Niliendelea kumpikia mpaka anakufa," akasema. "Na kila jioni nilikuwa naangalia sahani. Zilirudi tupu, zimelambwa. Nikajua basi, moyo wake haukufika huko."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya viazi na sikuihisi tena. Nilikuwa naiona ile njia kati ya kwa babu na kwetu, ule mgomba wa kona, na mimi nimechuchumaa nyuma yake. Baada ya Jumamosi ile babu alikuwa na tabia mpya. Alikula nusu, akaifunika sahani kwa sahani nyingine, akanipa mikononi na kusema, "Mpelekee aliyepika." Nilidhani kifua kimemwondolea hamu ya kula. Nilidhani ni makombo, na mtoto wa kwetu anajua makombo ni ya nani. Kila siku nilikaa nyuma ya ule mgomba, nikala, nikalamba, nikasuuza vidole kwenye majani, nikampelekea mama sahani tupu.

Nikamwambia. Nilipomaliza mama alikuwa ameweka kisu chini.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku, mama. Nusu kamili."

Alifuta mikono kwenye sweta, upande huu na upande huu, akaitazama kama si yake. Kisha akaniuliza kama wale usipa walikuwa watamu. Nikamwambia ndiyo, walikuwa watamu sana, na wote wawili tukaanza kulia.